Kupaka chokaa ukuta wa tofali nje ya nyumba kwa gharama ndogo: mwongozo kamili

Ukuta wangu wa kwanza wa chokaa haukumaliza miezi minne. Nilikoroga mchanganyiko mzito kama uji, nikaupaka saa saba mchana juani juu ya tofali kavu, nikarudi nyuma hatua kumi na kujipongeza. Ulikuwa mweupe pe! Kila aliyeuegemea aliondoka na mgongo mweupe, na mvua za kwanza zikamaliza kilichobaki. Chokaa yenyewe haikuwa na kosa. Mimi nilikuwa nimeifanya kama rangi, na chokaa si rangi.

Rangi ya dukani hukauka ikawa ngozi juu ya ukuta. Chokaa huingia kwenye vitundu vya tofali na kugeuka jiwe humo ndani. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi za selsiasi, yakapoteza hewa ukaa, kisha yakazimwa kwa maji. Unapopaka ile chokaa iliyozimwa, inaanza kurudisha hewa ukaa kutoka hewani na kuwa jiwe la chokaa tena. Safari hiyo ya kurudi huchukua siku na wiki, na inahitaji unyevu. Tabaka likikauka ghafla kabla halijashika, unabaki na vumbi jeupe lililosimama ukutani. Ndiyo maana karibu kila hatua katika mwongozo huu inahusu maji: yanapotoka, yanapokaa, na kasi yanayoondoka nayo.

Faida yake ni mbili. Malighafi ni rahisi kuliko karibu kila kitu kingine unachoweza kupaka nje ya nyumba, na ukuta unaendelea kupumua, maana yake unyevu ulio ndani ya tofali unatoka bila kubandua kitu. Hasara yake ni moja, na ifikirie kabla hujanunua chochote: tofali likishakuwa jeupe, kulirudisha kwenye wekundu wake ni kazi ya kuchosha na mara nyingi haikamiliki. Anayekaa nyumba ya kupanga apate kwanza ruhusa ya mwenye nyumba.

Je, ukuta wako unafaa?

Chukua kikombe cha maji, umwage ukutani sehemu tano au sita tofauti, ukiwemo upande unaopigwa na mvua. Maji yakinywewa na tofali likabadilika kuwa jeusi kidogo, endelea. Yakitengeneza matone na kuteremka kama yanavyofanya kwenye jani la mgomba, kuna kitu juu ya tofali: rangi ya zamani, vanishi, au dawa ya kuzuia maji. Chokaa haitashika hapo hata ukiipaka mara kumi. Ama uondoe hicho kitu chote, ama uachane na chokaa uende kwenye rangi ya maji niliyoieleza mwishoni.

Tofali laini la kuchoma, lenye vitundu, ndilo linaloipenda chokaa zaidi. Tofali lililochomwa sana hadi likang'aa kama kigae hunywa polepole, kwa hiyo lipe majaribio ya ziada. Kama nyumba ni mpya, subiri mwezi mmoja hivi viungio vya kati ya matofali vikauke na chumvi ya kwanza itoke.

Kununua mfuko sahihi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Unachotaka ni chokaa iliyozimwa ya unga, ile ya ujenzi, ambayo kwa kawaida huuzwa kwenye mifuko ya kilo 25. Usichukue chokaa ya shambani ya kupunguza uchachu wa udongo. Mara nyingi hiyo ni jiwe la chokaa lililosagwa tu. Halijawahi kuchomwa, kwa hiyo halina safari yoyote ya kurudi na halitashika. Usichukue pia chokaa isiyozimwa. Ni bei poa, lakini ikikutana na maji huchemka na kurusha matone ya moto, na kuizima nyumbani si kazi ya mtu anayejifunza.

Mfuko uliokaa dukani muda mrefu, umechanika au umeshika unyevu, huwa umeanza kugeuka jiwe ukiwa humo humo. Una njia ya kuujua. Vaa miwani, weka unga kidogo kwenye kisahani na udondoshee maji ya limau. Unga mzuri utatoa povu kidogo tu au usitoe. Ukifoka kama soda, sehemu kubwa imeshakufa, rudisha mfuko.

Kiasi gani? Kwenye tofali, lita 1 ya chokaa iliyopunguzwa maji hufunika mita za mraba 4 hivi kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Tuseme ukuta una urefu wa mita 10 na kimo cha mita 3. Hiyo ni mita za mraba 30. Toa 4 za madirisha na mlango, zimebaki 26. Mikono mitatu ni mita za mraba 78, yaani lita 20 hivi. Kwa vipimo vya kukoroga nilivyotoa hapa chini, lita 20 zinahitaji kilo 7 na nusu za unga. Mfuko mmoja wa kilo 25 hutoa lita 60 na ushee, kwa hiyo nyumba ndogo yenye kuta nne za namna hiyo haifikishi mifuko miwili.

Fedha uliyookoa kwenye chokaa, itumie kiasi kwenye brashi. Tafuta brashi pana yenye nywele nene na ngumu, ile ya kupakia chokaa, ya upana wa sentimita 15 au zaidi. Rola husambaza chokaa juu juu na kuacha viungio. Vitu vingine huenda unavyo: ndoo tatu za plastiki, kitambaa chepesi au soksi ya nailoni ya kuchujia, brashi ngumu ya kusugulia, mpira wa maji au bomba la kunyunyizia (lisiwe lililobeba dawa ya magugu), turubai, na ngazi imara. Usitumie chombo cha alumini kukorogea. Chokaa hukila na hutoa gesi inayowaka.

Macho kwanza

Chokaa ni kali kuliko inavyoonekana. Maji yake yana kiwango cha alkali cha pH 12 na zaidi, na tone moja kwenye jicho linaweza kuharibu uwezo wa kuona. Miwani ya kukinga macho, ile inayoziba pembeni, si ya hiari, hasa unapopaka juu ya kichwa. Vaa glovu za mpira, mikono mirefu, na barakoa wakati wa kumimina unga. Weka ndoo ya maji safi karibu na unapofanyia kazi. Ikiingia jichoni, suuza papo hapo kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, ukishikilia kope wazi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia. Watoto na wanyama wasikaribie ndoo.

Kuandaa ukuta: hapa ndipo kazi ilipo

Kupaka huchukua siku. Kuandaa kunaweza kuchukua wiki, na ndiko kunakoamua kama utapaka tena mwakani.

Anza kwa kutazama maji ya mvua yanakwenda wapi. Tembea kuzunguka nyumba siku ya mvua. Mfereji wa paa unaovuja, bomba linalotema maji ukutani, udongo au bustani iliyopanda juu ya msingi hadi kugusa tofali: yote haya hulowesha ukuta kutoka nyuma, na hakuna chokaa inayoshinda ukuta unaolowa kutoka nyuma. Rekebisha hayo kwanza, hata kama inamaanisha kupaka mwezi ujao.

Kisha angalia kama kuna unga mweupe au vinywele vyeupe vya chumvi kwenye tofali, hasa sehemu za chini. Chumvi hiyo huletwa na maji yanayopanda au kupenya, nayo huachwa juu maji yanapokauka. Ipanguse kwa brashi kavu, ikiwezekana ukingie kwenye karatasi, usiioshe. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Subiri wiki mbili. Ikirudi kwa wingi, chanzo cha maji bado kipo.

Viungio vilivyolegea vikwangue hadi ufike penye ugumu, kina cha sentimita 2 hivi, vifute vumbi, vilowanishe na kuvijaza upya. Kwenye tofali laini tumia mchanganyiko wenye chokaa na mchanga, usitumie saruji tupu; saruji ni ngumu kuliko tofali, na ukuta ukicheza, tofali ndilo litakalopasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na safari hii walimaanisha ukuta kweli. Ufa mpana unaokata matofali kwa ngazi kutoka dirishani hadi chini ni wa kuonyesha fundi. Kuuziba kwa chokaa ni kuuficha tu.

Kuosha: maji, brashi ya nailoni, na nguvu za mkono. Brashi ya waya huacha chembe za chuma ambazo baada ya mvua hugeuka madoa ya kutu ndani ya weupe wako. Mashine ya maji ya presha kubwa huchimba viungio na kuvua ngozi ngumu ya tofali. Penye kijani na kuvu, paka dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iliyopunguzwa sehemu 1 kwa maji sehemu 10, iache dakika 15, sugua, suuza sana. Usiichanganye kamwe na asidi, siki au dawa nyingine ya usafi, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Tindikali ya kusafishia matofali sikushauri kabisa kabla ya chokaa. Mabaki yake yatapigana na unachopaka.

Mwisho, funika. Matone ya chokaa yakikauka kwenye kioo huacha alama zisizotoka, na fremu za alumini huharibika zaidi. Bandika selotepu ya karatasi na nailoni kwenye madirisha, tandika turubai chini, funika maua. Tone likianguka, lifute kwa tambara lenye maji hapo hapo.

Kukoroga

Siku moja kabla ya kupaka, ikiwezekana siku mbili au tatu, tengeneza rojo. Weka lita 1 ya maji safi kwa kila kilo 1 ya unga. Maji yatangulie kwenye ndoo, unga uingie taratibu huku unakoroga. Ukianza na unga utapata madonge makavu yasiyoisha. Likishakuwa laini kama mtindi mzito, mimina juu yake maji ya kina cha vidole viwili, funika, uache lilale. Kadiri linavyolala ndivyo linavyokuwa laini na linavyoshika vizuri. Kilo 1 kwa lita 1 hutoa kama lita 1 na theluthi ya rojo.

Siku ya kupaka, chota rojo, ongeza maji ya ujazo uleule, koroga, kisha chuja kwa kitambaa. Unatafuta uzito wa maziwa. Chovya kijiti: kikitoka na utando mwembamba unaoonyesha rangi ya kijiti, hapo ndipo. Utaona mchanganyiko mwepesi mno, na utashawishika kuongeza rojo. Usiongeze! Chokaa ikiwa bado mbichi huonekana kama maji machafu ya kunawia mikono, halafu weupe unapanda yenyewe kadiri inavyokauka na kugeuka jiwe. Kosa langu la ule ukuta wa kwanza lilikuwa hili hasa.

Unga huzama haraka, kwa hiyo koroga ndoo kila baada ya dakika chache. Usipofanya hivyo, nusu ya juu ya ukuta itakuwa maji na nusu ya chini itakuwa uji.

Kupaka

Kabla ya ukuta mzima, paka kipande cha mita 1 kwa mita 1 mahali pasipoonekana sana, mikono miwili, siku mbili tofauti. Siku tatu baadaye kifute kwa kiganja kikavu. Vumbi kidogo kwenye kidole ni kawaida ya chokaa. Kiganja kikiwa cheupe chote, ama tofali halikulowa vya kutosha ama mchanganyiko ni mzito. Bora kukosea hapa.

Chagua siku ya mawingu, isiyo na upepo mkali wala dalili ya mvua ndani ya siku moja au mbili zijazo, na baridi isiyoshuka karibu na nyuzi 5. Kama jua haliepukiki, zunguka nyumba ukifuata kivuli: upande wa magharibi asubuhi, upande wa mashariki alasiri.

Lowesha ukuta kama saa moja kabla, kisha tena dakika chache kabla ya brashi kugusa. Tofali liwe na unyevu ndani lakini lisiwe na maji yanayong'aa juu. Likiwa kavu litanyonya maji ya chokaa kwa pupa; likiwa limejaa maji halitakuwa na nafasi ya kuipokea.

Anza juu, shuka chini. Piga brashi huku na huku kwa mkato wa msalaba, ukiisukuma chokaa kwenye viungio kwanza, halafu usoni mwa tofali. Fanya kazi kwa vipande vidogo na usiruhusu ukingo ukauke kabla hujauunganisha na kipande kinachofuata, la sivyo utaona mstari wa kila ulipopumzika. Ukilazimika kusimama, simama kwenye kona, kwenye bomba la mvua au pembeni mwa dirisha. Mchirizi ufuate na brashi mara moja. Na usirudi kukazia sehemu unayoiona hafifu. Utafanya hivyo kesho.

Jioni, kama hewa ni kavu, nyunyizia ukuta ukungu mwepesi wa maji. Kesho yake, baada ya saa 24, lowesha tena kidogo na upake mkono wa pili. Mikono mitatu myembamba hutosha kuta nyingi. Upande wa mvua upe wa nne. Endelea kunyunyizia mara moja au mbili kwa siku kwa siku tatu nne baada ya mkono wa mwisho. Hatua hii watu huiruka kwa sababu ukuta tayari umeshapendeza, kumbe ndiyo inayoufanya uwe mgumu.

Wanaotaka tofali lichungulie

Kama hutaki weupe kamili, paka mkono mmoja au miwili tu, kisha kabla chokaa haijashika, pitisha sponji au tambara lenye unyevu kwenye nyuso za baadhi ya matofali. Fanya hivyo bila mpangilio: matofali mawili hapa, moja pale, kona zaidi ya katikati, kama vile mvua ya miaka ingefanya. Rudi nyuma mita kadhaa kila baada ya dakika kumi utazame, kwani kwa karibu kila kitu huonekana sawa. Ukizidisha kufuta, unapaka tena kesho. Ukizidisha kupaka na ikashika, basi. Kwa hiyo acha kazi mapema kuliko moyo unavyotaka.

Viongezo, na ubishi wake

Kila fundi ana siri yake. Chumvi ya mezani husaidia chokaa kushika unyevu, na mapishi mengi ya zamani yanayo. Kwenye mbao za banda sina tatizo nayo, lakini kwenye tofali ni kuingiza ukutani ile ile chumvi uliyokuwa unaipangusa juzi. Gundi nyeupe ya mbao hulainika kwa mvua. Iache ndani ya nyumba. Saruji nyeupe huongeza ugumu kwenye tofali gumu, ila hupunguza kule kupumua ambako ndiko sababu ya kuchagua chokaa.

Ninachokubali ni maziwa yaliyoondolewa mafuta, lita 1 kwa lita 10 za mchanganyiko uliokwisha kupunguzwa. Protini yake huungana na chokaa na kuwa gundi isiyoyeyuka kwa maji. Tumia siku hiyo hiyo. Kesho yake harufu yake itakuambia kwa nini.

Weupe ukielekea umanjano, buluu kidogo ya kufulia iliyoyeyushwa kwenye maji huurekebisha. Kidogo maana yake ncha ya kijiko kwa ndoo. Kwa rangi nyingine tumia unga wa oksidi za chuma au udongo wa rangi, usiozidi gramu 100 kwa kila kilo ya unga wa chokaa. Rangi za kawaida huliwa na ukali wa chokaa. Tengeneza ndoo yote ya rangi kwa mara moja, maana mchanganyiko wa pili haufanani kamwe na wa kwanza, na kumbuka itakauka hafifu sana kuliko unavyoiona kwenye ndoo.

Rangi ya maji iliyopunguzwa

Kwa ukuta uliokataa kunywa maji, njia rahisi ni rangi nyeupe ya maji ya nje, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, ikapakwa kwa brashi na kufutwa kwa tambara kabla haijakauka. Inafanana na chokaa kwa mbali, haihitaji kunyunyiziwa, na kopo moja linakwenda mbali kwa kuwa umelipunguza. Lakini ni ngozi, hata ikiwa nyembamba. Kwenye tofali linalonywa maji sikushauri, kwa sababu unyevu ukinaswa nyuma yake utaibandua, na pengine na uso wa tofali nao.

Baada ya hapo

Upande unaopigwa na mvua utachoka kwanza, na utaanza kuona wekundu ukirudi kwenye kingo za matofali. Hilo si tatizo la kukwangua wala kusaga. Panguza kilicholegea kwa brashi kavu, lowesha, paka mkono mmoja mwembamba. Chokaa hushika juu ya chokaa bila matayarisho mengine.

Rojo lililobaki usilimwage, hasa si kwenye mfereji au karibu na mizizi. Liache kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, maji yakiwa yamelifunika juu, nalo litakaa miaka bila kuharibika na litazidi kuwa laini. Andika CHOKAA kwa herufi kubwa juu ya kifuniko na uiweke mbali na watoto, kwa sababu atakayeifungua ataiona kama mtindi.